Spika za njia mbili, Dodoma: shajara ya kubadilisha mchoro

7 Juni

Mchoro ninaoufanyia kazi ni wa spika ndogo za njia mbili: wufa (ya sauti za chini) ya inchi sita na nusu, twita (ya sauti za juu) ya kuba la kitambaa, boksi la lita 14 lenye paipu ya besi iliyopangwa kwenye Hz 45, yaani mitetemo 45 kwa sekunde. Ni mchoro mzuri, na aliyeuchora ameeleza sababu ya kila alichokifanya. Shida ni wufa aliyoitumia. Dodoma haiuzwi, na ukiiagiza nje, bei yake na usafiri vinazidi gharama ya vitu vingine vyote ukivijumlisha. Nilizonazo ni wufa mbili zilizotoka kwenye stereo ya zamani, nimezipata soko la Sabasaba. Mpira wa pembeni bado mzima, koni haina mpasuko, sumaku nzito.

Niandike mapema ninachokitafuta, maana kila badiliko litapimwa hapo. Nina rekodi za ngoma za Wagogo kutoka Chamwino: akina mama wakipiga muheme, zeze, ilimba, na ule uimbaji wa sauti nyingi zinazopishana na kuitikiana. Kwenye sabufa ya sebuleni ngoma inatikisa madirisha, sauti ya kiongozi inasikika, halafu zilizobaki zinakuwa donge moja. Shangazi yangu yumo kwenye baadhi ya rekodi hizo, safu ya nyuma, na sijawahi kumtambua. Nataka spika ambazo nikikaa mbele yake nitazitofautisha sauti zote bila kukaza masikio.

11 Juni

Leo ni kupima tu. Watu wengi mtaani wakipata wufa wanaenda moja kwa moja kwa seremala, na boksi linatoka zuri kwa macho. Lakini wufa na hewa iliyofungiwa nyuma yake ni kitu kimoja, na uhusiano wao una hesabu inayojulikana. Neville Thiele aliipanga akiwa Australia mwaka 1961, Richard Small akaiendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hadi leo tunaziita namba za Thiele na Small. Kwa kazi hii nahitaji tatu. Fs ni masafa ambayo koni hupenda kutikisika ikiwa huru. Qts inaonyesha koni inavyozuiwa isiendelee kucheza baada ya mlio kwisha. Vas ni ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na ule wa vishikio vya koni.

Vifaa ni laptopu, rizista moja ya omu 100, waya wenye plagi ya hedifoni na programu ya bure ya Room EQ Wizard. Rizista inakaa kati ya tundu la hedifoni na wufa. Kadi ya sauti inasikiliza pande zote mbili za rizista, na kwa tofauti hiyo programu inachora impidansi ya wufa, yaani ukinzani wake kwa mkondo wa sauti, kutoka masafa ya chini hadi ya juu. Wufa nimeining'iniza kwa kamba kwenye kenchi ya banda, isiguse chochote.

Ukinzani wa koili kwa mita ya kawaida: omu 6.2. Kilele cha grafu kiko Hz 61, na hapo impidansi inafika omu 31, yaani mara 5. Kisha zinatafutwa sehemu mbili, moja kila upande wa kilele, ambapo impidansi ni kipeuo cha pili cha 6.2 mara 31, ambacho ni omu 13.9. Nimezikuta Hz 41 na Hz 91. Hapa kuna ukaguzi ninaoupenda sana: zidisha 41 kwa 91, tafuta kipeuo cha pili, unarudi kwenye 61. Isiporudi, kipimo chako kina kasoro, anza upya. Baada ya hapo hesabu ni fupi: 61 mara kipeuo cha 5, gawanya kwa 50 ambayo ni tofauti ya 91 na 41, unapata 2.73. Gawanya tena kwa 5. Qts ni 0.55.

Wufa ya kwenye mchoro ina Fs ya Hz 42 na Qts ya 0.38. Kwa macho ni spika zilezile, inchi sita na nusu, matundu manne ya skrubu. Kwa tabia hazina undugu wowote. Mchoro ule siwezi kuufuata kama ulivyo.

14 Juni

Vas nimeipata kwa boksi la majaribio la plaiwudi. Ujazo wake niliupima kwa mahindi, kopo la lita moja moja, hadi likawa lita 14. Wufa ikafungwa juu, mzunguko wake ukazibwa kwa udongo laini wa kuchezea watoto, na kilele cha impidansi kikahama kutoka Hz 61 hadi Hz 86. Gawanya 86 kwa 61, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, zidisha kwa 14. Karibu lita 14. Ni makisio, lakini kwa boksi la nyumbani yanatosha.

Jambo moja ambalo sijaona watu wakilizungumza, na linatuhusu sisi wa huku juu. Dodoma iko takriban mita 1,120 kutoka usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yetu liko chini ya lile la pwani kwa karibu asilimia 12. Hewa iliyofungwa kwenye boksi inafanya kazi ya springi, na ugumu wa springi hiyo unafuata shinikizo. Kwa hiyo boksi hilihili, na wufa hiihii, vikipelekwa Dar es Salaam, kilele cha Hz 86 kitapanda hadi karibu Hz 89. Sikio halitagundua. Ila anayepima wufa Dodoma na kulinganisha na namba za kiwandani asishangae Vas yake ikitoka ndogo kidogo, wala asidhani wufa imechoka.

18 Juni

Uamuzi mkubwa wa mradi wote: paipu ya besi ibaki au izibwe?

Nimekaa nalo muda mrefu leo. Nikiacha tundu kama lilivyo kwenye mchoro, na nikihesabu pia ukinzani wa koili za krosova (mzunguko unaogawa sauti kati ya wufa na twita), besi inafika karibu Hz 55 kabla ya kushuka desibeli 3. Hicho si kitu kidogo kwa boksi la lita 14. Lakini bei yake ni kilima cha karibu desibeli 2 kati ya Hz 85 na Hz 130, na hapo ndipo sauti nzito ya mwanamume inapoanzia. Wanaume wanaoimba chini ya akina mama kwenye rekodi zangu wangevimba wote. Chini ya Hz 45 napo koni inabaki bila springi ya kuishika, inapiga mbio bila kutoa sauti yoyote ya maana.

Nikiziba, besi inaishia karibu Hz 73. Kilima hakifiki desibeli 1. Na ngoma ikipigwa, inanyamaza pale mpigaji aliponyamazisha ngozi.

Ninaziba. Muheme zikipigwa kwa pamoja zinapandana moja juu ya nyingine, na kila pigo lisilokoma kwa wakati linafunika linalofuata. Anayependa bongo fleva au singeli kwa sauti ya sherehe angeamua tofauti, na angekuwa na haki yake. Kuna faida nyingine ya hapahapa: upepo wa Julai na Agosti unaleta vumbi jekundu linaloingia kila palipo wazi, na vumbi likifika kwenye mwanya wa sumaku, koili inaanza kukwaruza. Boksi lililozibwa halina mlango wa nyuma.

22 Juni

Kwa fundi seremala Majengo. Nimepeleka vipimo vya ndani: sentimita 18.4 kwa 22 kwa 36.5, MDF ya milimita 18, uso wa mbele upana sentimita 22. Hiyo inatoa lita 14.8, na ukiondoa nafasi ya wufa na daraja la ndani, inabaki 14. Daraja ni kipande cha mninga kinachounganisha ubavu na ubavu nyuma ya wufa. Fundi aliuliza kwa nini nipoteze mninga mahali pasipoonekana. Nikamwomba agonge ubavu wa boksi kwa kifundo cha kidole kabla na baada ya kuweka daraja. Aligonga, akanitazama, akasema, "Basi lete na la boksi la pili nikate kabisa."

28 Juni

Krosova. Hapa ndipo pesa nyingi huishia kwa anayeagiza kila kitu nje, na hapa ndipo maduka yetu ya kawaida ya umeme yanasaidia kuliko watu wanavyofikiri.

Kapasita za krosova lazima ziwe zisizo na chanya na hasi. Madukani kwetu kapasita za elektroliti za pande mbili ni adimu. Lakini kapasita ya feni ya dari ni ya filamu ya polipropilini, imetengenezwa kubeba volti za ukutani usiku na mchana, na inauzwa kila duka kwa maikrofaradi 1.5, 2.5, 3.5. Nilihitaji 3.4. Ya 3.5 inafaa kabisa. Kwa maikrofaradi 12 nimechukua kapasita ya mota ya pampu ya maji, ile ya kuendeshea. Usichukue ya kuwashia, kwa sababu hiyo ni elektroliti ya kufanya kazi sekunde chache tu. Ukisimama kaunta, taja neno "ya kuendeshea" na usome lebo mwenyewe.

Waya wa koili nimeupata kwa fundi wa kusuka mota.

"Shikamoo mzee. Natafuta waya wa milimita moja."

"Marahaba. Mota ya farasi ngapi?"

"Si mota mzee, ni koili za spika."

"Za spika?" Akauvuta waya, akaupitisha kati ya vidole kuangalia kama rangi imebanduka. "Huu hauna jeraha. Ukisuka, vuta sawasawa, usiuache ulegee, koili iliyolegea inaimba."

Anauza kwa kilo. Kwa koili za wufa za spika mbili inatakiwa takriban mita 90, na waya wa milimita moja una uzito wa gramu 7 kwa mita, kwa hiyo nilinunua gramu 700. Na alichosema kuhusu kulegea ni kweli tupu: mizunguko isiyobanana hutetemeka mkondo ukipita, na mlio unasikika kwenye koili yenyewe.

Kiini ni kipande cha paipu ya PVC chenye kipenyo cha nje milimita 32, na vishikizo viwili vya plaiwudi vilivyoachana milimita 14. Mizunguko 190 inatoa karibu milihenri 1.5; ukifungua hadi 160 unabaki na kama 1.06, na ukinzani ni nusu omu. Hakuna chuma ndani, hewa tupu, hivyo koili haishibi usumaku hata ampli ikisukumwa. Nasuka nyingi kuliko ninavyohitaji, kisha nafungua huku napima. Ncha za waya zikwanguliwe kwa kisu hadi shaba ing'ae, la sivyo risasi haishiki.

Unene wa waya si anasa. Koili zilizo njiani kuelekea wufa zinaongeza ukinzani, na ukinzani huo unalegeza mkono wa ampli juu ya koni. Kwa omu 0.9 za koili zangu mbili, Q ya boksi (ni ile Qts, sasa wufa ikiwa ndani ya boksi lenye sufi) inapanda kutoka 0.75 hadi 0.83, na hilo limo kwenye hesabu ya tarehe 18. Waya wa nusu milimita ungezidisha ukinzani karibu mara nne, na kazi yote ya boksi ingeharibikia hapo.

5 Julai

Mzunguko wenyewe, spika moja kwanza.

Mchoro wa awali ulikuwa na marekebisho ya uso wa mbele ya desibeli 6 kamili. Hili ni jambo la msingi kwa spika yoyote ndogo. Mawimbi mafupi yanapotoka kwenye koni yanagonga uso wa boksi na kwenda mbele. Mawimbi marefu yanazunguka boksi na kusambaa hadi nyuma, kwa hiyo anayekaa mbele anapata nusu. Mpaka kati ya hali hizo mbili unakadiriwa kwa kugawanya 115 kwa upana wa uso kwa mita. Kwa sentimita 22 ni karibu Hz 520. Spika isiyorekebishwa hapo inatoa sauti nyembamba ya puani, na wengi hukimbilia kuongeza besi kwenye ampli, kumbe kinachokosekana kiko kwenye vifua vya waimbaji.

Desibeli 6 ni kwa spika iliyo uwanjani. Sebule yangu ina kuta za tofali za saruji na spika zitakaa sentimita 40 kutoka ukutani, na ukuta unarudisha sehemu ya besi. Nilianza na koili ya milihenri 1.5 iliyofungwa sambamba na rizista ya omu 4.7, inayopunguza desibeli 4. Nikasikiliza taarifa ya habari ya redio, sauti ya mtangazaji tu bila muziki, kisha nikafungua koili hadi 1.06 na kuweka rizista ya omu 3.3, ambayo inapunguza desibeli 3. Mtangazaji akasogea mbele, maneno yakapata kingo. Hapo nimeacha.

Sambamba na wufa kuna rizista ya omu 8.2 na kapasita ya pampu ya maikrofaradi 12 zikifuatana. Zinasawazisha impidansi inayopanda juu, ili krosova ione mzigo usiobadilika.

Ukishaishusha wufa desibeli 3, twita nayo lazima ifuate. Twita ni ya omu 6, na ina nguvu kuliko wufa kwa desibeli 3 hivi. Jumla desibeli 6: rizista ya omu 3.9 njiani, nyingine ya omu 10 sambamba na twita. Uzuri wake ni kwamba krosova sasa inaona karibu omu 8 pande zote mbili, kwa hiyo thamani ni zilezile juu na chini: milihenri 0.9 na maikrofaradi 3.5. Makutano yako Hz 2,800. Koili nimezielekeza pande tofauti, moja imelala, nyingine imesimama, zisisikilizane.

12 Julai

Vipimo uani, alfajiri kabla upepo haujaamka. Kipaza sauti cha kupimia nimeazimwa na kijana mwenye studio Area C. Spika juu ya mapipa, mita 1.5 kutoka ardhini, kipaza mita moja mbele yake. Kwa mpangilio huo mwangwi wa ardhi unachelewa milisekunde 6.3, na ukiukata, chini ya Hz 160 kipimo hakiaminiki tena. Besi nimeipima kwa kukisogeza kipaza hadi karibu kiguse koni.

Kipimo nilichokingojea ni cha twita iliyogeuzwa. Kwenye krosova ya aina hii, waya za twita zikifungwa kinyume cha za wufa, sauti mbili zinaungana sawasawa kwenye makutano. Zikifungwa upande mmoja, zinafutana. Nimezifunga upande mmoja kwa makusudi: shimo la kina, wima, Hz 2,750. Shimo likiwa kina namna hiyo maana yake wufa na twita zinafika kwa pamoja. Nikazigeuza, na mstari ukapita juu ya makutano bila kuyumba.

19 Julai

Ndani ya maboksi nimeweka sufi, gramu 250 kila moja, imechambuliwa kwa mikono hadi ikafura. Sufi ya mito inapatikana sokoni na ni laini kuliko sponji. Hewa ikipita kwenye nyuzi zake, boksi linajifanya kubwa kidogo: kilele kimeshuka kutoka Hz 86 hadi 83. Nyuma ya wufa nimetandika kipande cha chandarua kikuukuu, nyuzi zisiingie kwenye tundu la sumaku.

26 Julai

Shangazi amekuja kutoka Chamwino. Nilimsalimia mbukwenyi, akapumzika, akanywa chai, kisha nikamweka kwenye kiti cha kati. Ampli ni ndogo, ya chipu ya TPA3116, kwa hiyo tulisikiliza kwa sauti ya mazungumzo.

Ngoma iliingia kavu, ngozi na mkono vikisikika kila kimoja. Akina mama waliitikia kutoka kushoto kuja kulia. Shangazi aliinamisha kichwa.

"Rudisha hapo mwanangu. Unamsikia anayeingia baada ya ngoma kukatika? Siye yule wa juu, wa chini yake. Ndiye mimi."

Nilirudisha. Nikamsikia, na baada ya hapo nilimsikia kila alipoingia. Anachelewa kidogo kwa makusudi, na sauti yake ndiyo inayowashika wenzake wasipande.

Kwenye ilimba alikunja uso. "Hii inakwaruza kuliko ilivyo." Ilimba ina mkwaruzo wake, ule wa utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu la boksi lake, lakini yeye amekaa karibu nayo maisha yake yote, na sikio lake nalipa uzito kuliko grafu yangu. Nimebadilisha rizista ya twita kutoka omu 3.9 hadi 4.7. Imeshuka karibu desibeli 1. Akasikiliza tena, akasema sasa iko sawa, na akaniomba nimtafutie rekodi ya harusi ya binti yake.

2 Agosti

Spika ya pili imekamilika kwa thamani hizohizo. Wufa yake ilipimwa Hz 63 na Qts 0.57, nikaiongezea sufi gramu 40 na kilele kikakaribia cha mwenzake. Mstari wa spika mbili unatofautiana chini ya desibeli 1 kutoka Hz 200 hadi Hz 10,000.

Kwa atakayetaka kuiga: usinakili 3.3 na 1.06 zangu kabla hujaipima wufa yako na upana wa boksi lako. Kapasita za feni na njia ya kusuka koili chukua kama zilivyo. Bado kuna kupiga msasa na vanishi, na viti vya chuma vya kuziinua hadi twita iwe usawa wa sikio la aliyekaa. Fundi wa kuchomelea amesema atavimaliza wiki ijayo. Nimemwomba aache paipu za miguu wazi kwa juu, nizijaze mchanga mkavu.